Kilima 107 mezani: kuunda mchezo wa shambulio la Maleme

Kilima 107 hakikutekwa. Kiliachwa. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Mei 1941 walinzi wake wa Nyuzilandi waliondoka wakielekea mashariki, na askari wa miavuli wa Kijerumani waliopanda kukipokonya asubuhi walikuta mahandaki hayana mtu. Mchezo wa vita wa mezani usioweza kuzaa usiku kama ule ni mchezo wa kilima kingine, hata ramani yake ipendeze vipi. Ndiyo maana nguvu nyingi katika maelezo haya nimeziweka kwenye kanuni moja, ya kombania zilizonyamaza. Ramani, kete na dadu ni kazi ya kawaida, ingawa nazo zina mitego yake.

Uwanja wa ndege wa Maleme uko ufukweni, kaskazini-magharibi mwa kisiwa cha Krete, Ugiriki. Kusini yake ardhi inapanda hadi kwenye kilima chenye kimo cha mita 107, na jina la kijeshi likatoka hapo. Magharibi kuna mto Tavronitis, ambao mwezi Mei huwa mawe mengi na maji haba, pamoja na daraja la chuma la barabara ya pwani. Mashariki kuna kijiji cha Pirgos. Aliye juu ya kilima anauona uwanja wote, na ndege ya mizigo haiwezi kushusha askari hapo kwa raha ikiwa inalengwa na bunduki za rashasha kutoka juu.

Mlinzi ni Batalioni ya 22 ya Nyuzilandi, watu zaidi ya 600 chini ya Luteni Kanali Leslie Andrew, aliyepata nishani ya Victoria Cross mwaka 1917. Kombania C ilikuwa uwanjani, D kando ya mto, A kilimani, B upande wa mashariki na kusini-mashariki, na kombania ya makao makuu ilikuwa Pirgos, mbali na wenzake. Mshambuliaji ni rejimenti ya Jenerali Eugen Meindl. Batalioni yake ya kwanza ilikuja kwa glaida, ndege zisizo na injini. Ya pili na ya nne ziliruka kwa miavuli magharibi mwa mto, na ya tatu ikaangushwa mashariki, moja kwa moja juu ya mashamba yaliyokuwa yamejaa Wanyuzilandi.

Tuanze na ramani. Chukua karatasi ya A2 uichore pembesita zenye upana wa milimita 25, safu 22 kwenda mashariki na mistari 18 kwenda kusini. Kila pembesita iwe mita 200. Utapata eneo la takribani kilomita 4.4 kwa 3.1, ambalo linatosha kubeba ukingo wa magharibi wa Tavronitis, daraja, uwanja, kilima na Pirgos, na bado pembeni panabaki nafasi ya visanduku vya zamu. Usishawishike kutumia mita 100. Ramani itakuwa kubwa mara nne, na askari watatumia saa nzima ya mchezo kutembea tu.

Miinuko minne inatosha: chini ya mita 20, 20 hadi 60, 60 hadi 100, na kilele. Kilele kipewe pembesita 3, uwanja 5. Penye makosa mengi ni mteremko wa kaskazini. Ukiuchora kama mteremko laini, mtu wa kileleni ataona kila kitu hadi baharini, na kombania A peke yake itaua shambulio zima. Kwa kweli mteremko ule ulikatwa ngazi za mashamba, ukajaa mizabibu na mizeituni. Kwa hiyo weka kanuni hii: mizeituni inazuia kuona zaidi ya pembesita 2, isipokuwa mtazamaji yuko ngazi mbili za mwinuko juu ya anayetazamwa. Uwanja utaonekana kutoka juu kama ulivyoonekana, lakini vichaka vya kando ya daraja havitaonekana. Mahali pale palikuwa na kambi ya wanahewa wa Uingereza, iliyokaa kati ya kombania C na D bila kuwa chini ya amri ya Andrew. Ndipo Wajerumani walipopenya. Mshono huo uonyeshe kwenye ramani kwa mstari mwekundu: platuni za C na D haziruhusiwi kuuvuka.

Kete ni platuni, watu kama 30. Wanyuzilandi wanahitaji platuni 12 za kombania A hadi D, 2 za makao makuu, kete 2 za rashasha za Vickers, 5 za mizinga ya Bofors (kila kete ni mizinga miwili), vifaru 2 vya Matilda, makao makuu 1 ya batalioni, na platuni 6 za msaada zitakazokaa nje ya ramani. Jumla 30. Wajerumani wapewe platuni 9 za glaida, 10 za batalioni ya pili, 10 za ya nne, 12 za ya tatu, na kete 1 ya Meindl. Jumla 42. Ongeza alama 32 za makasha ya silaha, moja kwa kila platuni ya mwavuli, alama 5 za Kimya, na vipande 36 vya hasara ambavyo nitavieleza.

Kete ziwe za milimita 18, zilizobandikwa kwenye kadibodi ngumu ya milimita 1.5 au 2. Pembesita ya 25 ikikaa kete ya 22, vidole vitasukuma jirani kila unapookota, na mwisho wa zamu ya tano hakuna atakayekumbuka nani alikuwa wapi. Bandika karatasi za pande zote mbili kwanza, ziache zikauke usiku mzima chini ya vitabu vizito, ndipo ukate kwa rula ya chuma. Pitisha kisu mara nne au tano kwa nguvu kidogo badala ya mara moja kwa nguvu nyingi, kwa sababu kisu kikilazimishwa huinamia upande na kete inatoka mshazari. Pembe zake zikate kidogo kwa kikata kucha. Si urembo, huzuia karatasi kubanduka.

Zamu ya mchana wa kwanza ni saa moja, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, yaani zamu 12. Usiku ni zamu 3 za saa tatu. Mchana wa tarehe 21 ni zamu 6 za saa mbili, hadi saa 11 jioni. Jumla 21. Wachezaji wawili wanaojua kanuni watamaliza kwa jioni moja ndefu.

Sasa kutua. Hapa michezo mingi inamwonea huruma Mjerumani. Askari wa mwavuli wa Kijerumani hakuweza kuuongoza mwavuli wake, kwa sababu kamba zote ziliungana mgongoni. Wengi waliruka na bastola na mabomu ya mkono tu, bunduki na rashasha zikaja katika makasha ya peke yake. Kwa hiyo kila platuni ya mwavuli inaanza upande wa nyuma wa kete, ule usio na silaha: dadu 1 ya risasi, masafa ya pembesita 1. Ichague pembesita ya kutua, tupa dadu moja ya mwelekeo (pande sita za pembesita) na nyingine ya umbali: 1 hadi 2 hakuna kupeperuka, 3 hadi 5 pembesita moja, 6 pembesita mbili. Kisha fanya hivyo hivyo kwa kasha, kuanzia pale platuni ilipoangukia. Platuni ikifika kwenye kasha lake na kutumia tendo zima la zamu, inageuzwa upande wa mbele: dadu 4, masafa 2. Ukirahisisha hapa kwa kuzipa silaha papo hapo, mchezo unaisha kabla ya chakula cha mchana.

Glaida aina ya DFS 230 ilibeba watu kumi pamoja na rubani, na wao walitua na silaha mkononi. Tupa dadu kwa kila kete: 1 imevunjika na kete imetoka, 2 hadi 3 imeduwaa zamu moja, 4 hadi 6 iko tayari. Kwenye ngazi za mashamba toa 1, kwenye kitanda cha mto usitoe kitu. Wachezaji watajifunza wenyewe kwa nini glaida zilipenda mto.

Batalioni ya tatu ni tatizo la pekee. Kila mtu aliyesoma habari za Krete anajua kwamba iliangushwa juu ya Batalioni ya 23 ya Nyuzilandi na kwamba karibu theluthi mbili ya watu wake waliuawa. Hakuna mchezaji mwenye akili atakayeipeleka huko. Dawa yake ni kumnyima uchaguzi. Ujasusi wa Kijerumani ulikisia kuwa kisiwa kizima kina askari wapatao 5,000, ilhali walikuwa zaidi ya 40,000 ukihesabu Wagiriki, na mpango wa kuruka ulitokana na kisio hilo. Weka batalioni ya tatu kwenye kisanduku cha mashariki nje ya ramani na utupe dadu kwa kila platuni: 1 hadi 4 imekwisha, 5 hadi 6 imebaki na nguvu nusu. Kila platuni iliyobaki inaizuia Batalioni ya 23 kutuma msaada kwa zamu moja. Hivyo kifo chao kina kazi katika mchezo, na Mjerumani halalamiki sana.

Risasi ziwe nyepesi. Idadi ya dadu imeandikwa kwenye kete: platuni ya Nyuzilandi 3 kwa masafa 2, Vickers 4 kwa masafa 6, Matilda 5. Aliye mahali pa wazi anapigwa kwa 4 hadi 6, kwenye mizeituni kwa 5 hadi 6, kwenye handaki kwa 6 tu. Kila platuni ina nguvu 2, pigo moja linaondoa moja. Mabomu ya ndege kabla ya kutua yasiue watu wengi. Waliokuwa mahandakini walitoka wakiwa na vumbi masikioni lakini hai. Kilichokufa ni nyaya za simu.

Na hapo tunaingia kwenye moyo wa mchezo. Andrew alikuwa kilimani akiwa na redio iliyokuwa ikigoma, simu zimekatika, na wajumbe wasiorudi. Walikuwa wamekubaliana ishara ya risasi za mwanga, nyeupe, kijani, nyeupe, ya kuomba msaada wa Batalioni ya 23. Zilipigwa, na katika vumbi na moshi hazikuonekana. Jioni aliamini kombania C na D zimekwisha. Hazikuwa zimekwisha. Zilikuwa zimepigwa sana lakini zinashikilia, na ziliondoka tu pale zilipogundua usiku kwamba kilimani hakuna mtu.

Tatizo la mezani ni kwamba mchezaji anaona kila kitu. Kete za kombania D ziko mbele ya macho yake, anahesabu nguvu zake, anacheka, anabaki. Nimeona suluhisho la kumweka mwamuzi wa tatu mwenye ramani ya siri. Linafanya kazi, ila mwamuzi anapata kazi ngumu na burudani kidogo. Suluhisho jingine ni kutupa dadu la hofu: ukipata namba fulani kamanda anaondoka, utake usitake. Hilo silipendi kabisa, maana linampokonya mchezaji uamuzi pekee wenye uzito katika mchezo mzima.

Ninalopendekeza ni kikombe. Vile vipande 36 vya hasara viandike hivi: 15 viwe na 0, 12 viwe na 1, 9 viwe na 2. Vyote vifanane mgongoni. Mwanzoni mwa kila zamu, tupa dadu kwa kila kombania iliyo zaidi ya pembesita 3 kutoka makao makuu ya batalioni: 1 hadi 4 imenyamaza. Iliyo karibu inanyamaza kwa 1 tu. Kombania iliyonyamaza inawekewa alama ya Kimya. Haisogei, haiingii katika shambulio la kujibu, inakaa na kupiga risasi. Mjerumani akiishambulia anatupa dadu zake kama kawaida. Akipata pigo moja au mawili, kipande kimoja kinachotwa kikombeni na kuwekwa chini ya kombania kikiwa kimefunikwa. Akipata matatu au zaidi, viwili. Hakuna anayetazama, si Mjerumani wala Mnyuzilandi.

Wastani wa kipande ni 0.83. Kombania ya platuni tatu ina nguvu 6. Yenye vipande vinne chini yake, kwa wastani imepoteza 3.3, lakini inawezekana haijaguswa, na inawezekana imekwisha yote. Hapo ndipo Andrew alipokuwa. Na kujua historia hakumsaidii mchezaji, kwa sababu leo kombania D inaweza kweli kuwa imekufa.

Kombania iliyonyamaza inapiga kwa dadu 6 ikiwa na vipande 0 hadi 2, dadu 4 ikiwa na 3 au 4, dadu 2 ikiwa na 5 na kuendelea. Si sahihi kabisa, maana kombania iliyokufa itaendelea kupiga kwa muda, lakini ukifungamanisha risasi na hasara halisi utakuwa umeifichua siri. Vipande vinafunuliwa katika hali mbili. Ya kwanza, Mjerumani akiivamia pembesita ana kwa ana: vyote vinageuzwa, waliobaki wanapigana. Ya pili, mjumbe. Mnyuzilandi hutuma mjumbe mmoja kwa zamu: mchana anafika kwa 5 hadi 6, usiku kwa 4 hadi 6. Akifika, Mnyuzilandi anavitazama vipande vya kombania hiyo peke yake na kuvifunika tena. Alama ya Kimya haiondoki, kwa kuwa habari ya saa moja iliyopita si simu.

Kosa linalojitokeza mara kwa mara ni wachezaji kuvichungulia vipande wakati wa kusogeza kete. Vipange kando ya ramani, kwenye mistari mitano yenye majina ya kombania, na chini ya kombania weka namba tu. Kosa jingine ni kusahau kurudisha kikombeni vilivyofunuliwa. Vikibaki nje, mtu mwenye kumbukumbu nzuri ataanza kuhesabu kilichosalia, na siri inavuja kwa hesabu.

Vifaru. Andrew alikuwa na Matilda mbili, akazituma kama saa 11 na robo jioni pamoja na askari wachache kuelekea darajani. Kimoja risasi zake hazikuingia kwenye mzinga na mnara wake ukagoma kuzunguka, kikarudi. Kingine kiliteremka mtoni kikakwama kwenye mawe. Kanuni: Matilda inapotaka kupiga mara ya kwanza, dadu 1 hadi 3 mzinga haufanyi kazi na kete inarudi ilikotoka. Ikiingia mtoni, 1 hadi 3 imekwama. Mnyuzilandi mwerevu atavitumia mapema, saa 4 asubuhi, kabla Wajerumani hawajaokota makasha. Mwachie, kwa sharti kwamba vikishatoka havirudishwi kwenye maficho tena, na ndege za Kijerumani zinaweza kuvipiga mchana kutwa.

Msaada unategemea Brigedia James Hargest, aliyekuwa mbali, Platanias. Kombania mbili ziliahidiwa. Moja ya Batalioni ya 23 ilifika kilimani usiku, na moja ya Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, ilitembea gizani hadi karibu na uwanja, ikageuka. Kuanzia zamu ya 10 tupa dadu kwa kila moja: 6 imeanza safari. Usiku inatosha 4. Inaingia kwa ukingo wa mashariki, platuni tatu tatu. Ukiiruhusu mapema zaidi, Mjerumani hana mchezo.

Naye Mjerumani jioni aliishiwa risasi, na Meindl alikuwa amejeruhiwa. Kuanzia zamu ya 10 hadi ya 15 kila platuni yake ipunguziwe dadu 1 ya risasi. Kanuni hii ndogo ndiyo inayomfanya Mnyuzilandi ajiulize usiku, kwa sababu anajua adui naye amechoka lakini hajui ni kiasi gani cha kikosi chake mwenyewe kimesalia.

Zamu ya 13 Mnyuzilandi anatangaza: nabaki au naondoka. Akiondoka, kombania zenye mawasiliano zinatoka mashariki bila hasara. Zilizonyamaza zinafunuliwa alfajiri, na kila platuni iliyo hai inaponyoka kwa 4 hadi 6. Pointi zihesabiwe hivi: kilele chote kwa Mjerumani mwisho wa zamu ya 21 ni 12 kwake, uwanja wote 8, na kila platuni ya Nyuzilandi iliyoangamizwa 1. Mnyuzilandi anapata 1 kwa kila platuni ya Kijerumani iliyoangamizwa, ukiacha batalioni ya tatu, na 12 akikishikilia kilele. Usimhesabie uwanja yeye. Halisi ni kwamba alasiri ya tarehe 21 ndege za Ju 52 zilitua Maleme na kushusha askari wa milimani huku mizinga ya Nyuzilandi ikiupiga uwanja kutoka mbali, baadhi yake ikiwa mizinga ya kuteka, ya Kiitaliano na Kifaransa, isiyo na vilengeo. Mizinga hiyo haikuwazuia. Cha kuwazuia kilikuwa bunduki zinazoona, kutoka juu.

Ukitaka kupima kama pointi zimekaa sawa, cheza mara kadhaa kwa kumlazimisha Mnyuzilandi abaki, kisha mara kadhaa kwa kumlazimisha aondoke. Akishinda karibu kila anapobaki, punguza vipande vya 0 kutoka 15 hadi 12 na uongeze vya 2 hadi 12. Akishinda karibu kila anapoondoka, pandisha kilele kutoka 12 hadi 15 kwa pande zote mbili. Usiguse kanuni za makasha kutafuta usawa. Ukizilegeza, Wajerumani watakuwa kilimani saa 6 mchana, na kikombe hakitafika zamu ya usiku.